Uzuri wa Nyumba Ulikaa Chumba cha Ndani

Katika nyumba nyingi za hapa Songea uzuri wote uko sebuleni. Huko ndiko kwenye makochi yenye vitambaa vya kufuma, kabati la vioo lenye sahani za maua, kalenda na picha za harusi. Lakini ukipita pazia na kuingia chumba anacholala mama na mtoto wake mchanga, mara nyingi utakuta godoro limechoka, dirisha limezibwa kwa gunia, na nguo zimerundikwa juu ya magunia ya mahindi. Sisi tunaofanya kazi ya uuguzi, na kuwatembelea wazazi majumbani kwa niaba ya kanisa, tumeyaona hayo katika nyumba za wenye nacho na za wasio nacho.

Mgeni anapata kilicho bora, na mama anapata kilichobaki. Wengi hudhani kwamba ndivyo ilivyokuwa tangu zamani, duniani kote. La hasha! Katika pwani yetu hii ya Afrika Mashariki walikuwako matajiri waliojenga nyumba ambazo pambo lake zuri kuliko yote liliwekwa chumba cha mwisho, chumba cha mama.

Mwezi huu, akina mama wapendwa, tuzitembelee nyumba hizo. Tutaona jinsi zilivyopambwa, tutauliza zilikuwa mali ya nani, kisha tutauliza nani aliyeulipia uzuri ule. Katika swali hilo la mwisho sisi watu wa Ruvuma tumo.

Warumi walipamba mbele

Tuanze mbali kidogo, ili tupate cha kulinganisha. Mwaka 79 baada ya Kristo mlima wa moto uitwao Vesuvius, katika nchi ya Italia, ulilipuka na kuufunika mji wa Pompeii kwa majivu. Mji ule ulipofukuliwa, karne nyingi baadaye, nyumba za matajiri wa Kirumi zilionekana zikiwa bado na rangi zake. Kuta zilikuwa nyekundu, nyeusi na manjano, zimechorwa bustani, ndege, samaki na hadithi za miungu yao. Sakafu zilipambwa kwa vipande vidogo vya mawe ya rangi vilivyopangwa kama mkeka.

Uzuri huo ulianzia mbele. Asubuhi watu waliokuwa chini ya ulinzi wa tajiri walikuja kumwamkia na kuomba msaada. Waliingia katika ukumbi mkubwa, wakakaa kusubiri huku macho yao yakila utajiri wa bwana mkubwa. Pambo lilikuwa linasema kabla mwenyewe hajasema.

Mojawapo ya nyumba mashuhuri za Pompeii ni ile ya Vettii, iliyofunguliwa tena kwa wageni mwaka 2023 baada ya matengenezo ya muda mrefu. Wataalamu huamini kwamba wenyewe walikuwa wanaume wawili waliowahi kuwa watumwa, wakapata uhuru na kutajirika. Vyumba vya kupokelea wageni vimejaa picha za kupendeza. Lakini jikoni, mahali walipofanya kazi watumishi, hakuna fahari ya namna hiyo. Tulikumbuke jiko hilo, maana tutalirudia.

Mawe yaliyotoka baharini

Sasa turudi kwetu. Pwani ya Waswahili, tangu visiwa vya Lamu huko Kenya mpaka Kilwa kwetu kusini, ilikuwa na miji ya biashara kwa mamia ya miaka. Meli zilikuja kwa pepo za kaskazi na kuondoka kwa pepo za kusi. Zilileta nguo, shanga na vyombo vya kauri, zikachukua dhahabu, pembe za ndovu, boriti za mikoko na watumwa.

Matajiri wa miji hiyo walijenga kwa matumbawe. Matumbawe laini yalikatwa baharini yakiwa bado mabichi, yakachongwa maua na mistari kabla hayajakauka, kisha yakawa magumu kama jiwe lolote. Matumbawe mengine yalichomwa juu ya rundo la magogo yakawa chokaa, ya kujengea na ya kupigia lipu. Dari ilishikwa na boriti za mikoko. Kwa kuwa boriti hizo haziwezi kuvuka nafasi kubwa, vyumba vilikuwa vyembamba na virefu, upana wake karibu meta mbili na nusu hadi tatu.

Kilwa Kisiwani bado yapo magofu ya Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, na bwawa la kuogea lenye pembe nane. Katika msikiti mkuu wa Kilwa bakuli za kauri zilipachikwa kwenye kuba, zing'ae juu ya vichwa vya watu. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, kisiwa cha jirani chenye magofu ya nyumba nyingi za mawe, viliandikwa mwaka 1981 katika orodha ya urithi wa dunia.

Tusidhani lakini kwamba kila mtu aliishi hivyo. Ibn Battuta, msafiri kutoka Moroko aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliandika juu ya nyumba za miti zilizoezekwa kwa matete. Nyumba za mawe zilikuwa za wachache. Wengi walikaa nyumba za miti na udongo, kama nyumba walizolelewa bibi zetu wengi.

Tuingie nyumba ya Lamu

Magofu ya Kilwa hayana tena dari wala milango. Ili tuone vizuri mpango wa nyumba ya tajiri, twende Lamu, ambako nyumba za mawe za karne ya 18 zingali zinakaliwa na watu. Mji huo uliingia katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, na moja ya nyumba zake za kale imefanywa makumbusho.

Nje hakuna cha kujisifu. Ukuta ni mrefu, mtupu, na madirisha ni machache. Kinachovutia jicho ni mlango wa mbao uliochongwa na baraza ya mawe pembeni, iitwayo daka. Mgeni wa kawaida, mwenye shughuli ya biashara, aliishia hapo, au alipelekwa chumba cha wageni kiitwacho sabule.

Aliyeruhusiwa kuendelea aliingia katika ua wa ndani usio na paa, ambao Waamu huuita kiwanda. Kutoka hapo vyumba hufuatana kimoja nyuma ya kingine. Kwanza msana wa tini, yaani wa chini, halafu msana wa yuu, yaani wa juu. Kila chumba kimeinuliwa kidogo kuliko kilichotangulia, hata aendaye ndani huona kama anapanda. Boriti za dari zilichongwa zikanyooka na kupakwa rangi, nyekundu na nyeusi.

Nyuma ya misana hiyo kuna chumba chenyewe, ambacho jina lake ni fupi na lasema yote: ndani. Hicho kilikuwa chumba cha mama mwenye nyumba. Na hapo ndipo fundi alipomaliza ujuzi wake wote. Ukuta mzima, tangu karibu na sakafu kwenda juu, umejaa vishimo vya mraba na vya tao, safu juu ya safu, kila kimoja kimezungushiwa nakshi ya lipu nyeupe. Hivyo ndivyo vidaka, au zidaka kwa lafudhi ya Kiamu. Ndani yake zilipangwa sahani na bakuli za kauri kutoka China, na baadaye kutoka Ulaya pia. Sahani nyingine zilitobolewa kwenye ukingo wa chini, zikapitishwa uzi na kutundikwa ukutani.

Hebu tufikiri, akina mama. Ukuta ule mweupe wenye sahani za buluu haukuonekana na mfanyabiashara aliyekaa barazani. Ulionekana na mama, watoto wake, dada zake, na wanawake waliokuja kumwangalia.

Kwa nini sahani zilipangwa ukutani?

Sababu ya kwanza ni heshima. Chombo cha kauri kilichovuka bahari bila kuvunjika kilikuwa mali. Nyumba iliyojaa vyombo hivyo ilionyesha kwamba ukoo umetulia, una uwezo, na neno lake linaaminika katika biashara.

Sababu ya pili ni furaha ya macho. Mwanamke wa tabaka lile hakutoka ovyo mchana. Siku zake nyingi zilipita katika vyumba vile, na ukuta ulimfanyia kazi ya bustani na ya barabara.

Sababu ya tatu inatugusa sisi wauguzi. Katika vyumba hivyo vya ndani mama alijifungua, na hapo alikaa arobaini yake. Nyuma kabisa palikuwa na chumba kingine kidogo, nyumba ya kati, ambapo maiti wa familia alioshwa kabla ya mazishi. Kuzaliwa na kufa kote kulifanyika upande ule wa nyumba. Watu waliogopa husuda na jicho baya, nao waliamini kwamba kitu cha kung'aa ukutani hulivuta jicho hilo na kulizuia lisimfikie mama na mtoto. Sisi hatuitegemei sahani itulinde. Lakini aliyewahi kukaa usiku kucha na mzazi anayetokwa na damu hawezi kuicheka hofu ya mama yule.

Tunaye pia shahidi wa kike. Sayyida Salme, binti wa Sultani wa Zanzibar, alizaliwa mwaka 1844, akaolewa na Mjerumani na kuitwa Emily Ruete. Mwaka 1886 alichapisha kitabu cha maisha yake. Humo anaeleza vyumba vya nyumba za wakubwa wa Zanzibar: kuta zenye vidaka na rafu, zimepangwa bilauri na sahani nzuri, na kati yake vioo vikubwa na saa za ukutani. Mtindo ule wa vidaka ulikuwa umeenea pwani.

Fahari hiyo haikudumu. Mji wa Pate, uliokuwa tajiri kuliko Lamu, ulianguka kwa vita na mafarakano. Mshairi Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir aliuombolezea katika utenzi wa Al-Inkishafi. Humo nyumba zilizokuwa na taa na kauri zimekuwa magofu, na ndege wamefanya makao mahali pa vyombo.

Maji, choo na samaki wadogo

Sisi wa afya hatuwezi kuondoka katika nyumba hizo bila kuchungulia chooni. Watu wa kale wa pwani walijenga choo na bafu ndani ya nyumba, karibu na chumba cha kulala. Songo Mnara, zaidi ya miaka 500 iliyopita, nyumba za mawe zilikuwa na vyoo vyake. Mama mzazi hakulazimika kutoka gizani kwenda porini.

Katika bafu za Lamu palijengwa birika la maji la chokaa. Kwa kuwa maji yaliyosimama huzaa mbu, waliweka ndani yake samaki wadogo wa kula viluwiluwi. Chini ya birika walipachika bakuli la kauri, ili maji yakiisha samaki wabaki na mahali pa kuishi. Pambo likawa dawa! Hapa kwetu tuna mapipa na madumu ya wazi uani, na malaria haijatuacha. Kuyafunika hakutugharimu kitu.

Lakini tuseme kweli yote. Chumba cha ndani kilikuwa na giza, na hewa yake haikupita vizuri. Katika chumba cha namna hiyo kikohozi cha mmoja, hasa kifua kikuu, huwa cha wote. Uzuri wa ukuta haukuondoa hatari za kuzaa nyumbani, na hata leo mahali pa kujifungulia ni zahanati, kituo cha afya au hospitali.

Nyumba ya binti

Sasa tufike kwenye jambo ambalo kila mama mwenye ndoa angependa kulijua. Nyumba ile ilikuwa ya nani?

Katika koo kubwa za Lamu baba alimjengea binti yake nyumba, au alimpa sehemu ya nyumba ya ukoo, apate kuolewa humo. Mara nyingine ghorofa mpya iliongezwa juu kwa ajili hiyo. Bwana arusi ndiye aliyehamia kwa mkewe. Hivyo vidaka vile vilivyochongwa kwa miezi mingi vilikuwa zawadi kwa binti, na kama mume angekufa au ndoa ikavunjika, yeye alibaki katika ukuta wake. Tusione ajabu kwamba uzuri ulikaa chumba cha ndani. Mwenye nyumba alikuwa humo.

Kwetu huku desturi ni nyingine, na machozi tumeyaona. Mama huchoma matofali pamoja na mumewe, hubeba maji ya kukandia udongo, hupaka kuta kwa mikono yake mwenyewe. Kisha siku moja anasikia kwamba nyumba imeuzwa bila yeye kujua. Akina mama wajue kwamba Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 hairuhusu mume au mke kuuza, kuweka rehani au kutoa nyumba ya ndoa bila ridhaa ya mwenzake. Sheria za ardhi za mwaka 1999 nazo zinampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Kuandikisha majina mawili katika hati ya kiwanja si kumtilia mume shaka. Ni kidaka cha kwanza katika ukuta wa ndoa.

Nani aliulipia uzuri ule?

Tumesifu vya kutosha. Sasa tuulize lile swali tuliloliahidi.

Nyumba kubwa za Lamu zilikuwa na watumwa. Mara nyingi wao walikaa chini, na wenye nyumba juu. Wanawake watumwa ndio waliochota maji ya birika, waliotwanga, waliopika, waliofagia chini ya ule ukuta wa vidaka. Wengine walilima mashamba ya bara yaliyolipia ile kauri. Mama mwenye nyumba alikaa ndani kwa heshima kwa sababu mwanamke mwingine alitoka nje kwa niaba yake.

Na watu hao walitoka wapi? Katika karne ya 19 mojawapo ya njia kubwa za misafara ilitoka Ziwa Nyasa, ikapita nchi hii yetu ya Ruvuma, mpaka bandari ya Kilwa Kivinje. Katika miaka ya 1860 watu karibu 20,000 kwa mwaka walipitishwa Kilwa wakiwa watumwa, wengi wao wakipelekwa Zanzibar. Walikuwa Wayao, Wanyasa, Wangindo na wengine wa kabila nyingi za huku kusini. Wengi walitekwa na majirani zao, na wakubwa wa huku nao walishiriki katika biashara hiyo. Pembe za ndovu zilikwenda kwa njia hiyo hiyo, mabegani mwa watu. Ukiona katika makumbusho kiti cha enzi, kile kiti cheusi cha fahari kilichopambwa kwa vipande vya pembe, kumbuka kwamba pembe ilibebwa na mtu, na huenda yeye mwenyewe aliuzwa alipofika baharini.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Lakini swali halijafungwa. Katika nyumba ngapi za wakristo, mjini na vijijini, yuko binti wa kazi anayelala jikoni juu ya mkeka, kando ya masufuria? Huyu ndiye anayepangusa lile kabati la vioo sebuleni. Huyu ndiye anayeamka alfajiri kabla ya wote, na kula mwisho. Wengine hatujui hata jina la mama yake. Ikiwa vyumba vya mbele vinapendeza na jiko ni mahali pa uchungu, hatujapita nyumba ya Vettii ya miaka 2,000 iliyopita.

Tufanye nini nyumbani kwetu?

Hatuhitaji kauri ya China. Tunaweza kuanza na haya, tena kwa fedha kidogo:

1. Tupake chokaa chumba cha kulala kabla ya kupaka tena sebule. Chokaa huangaza chumba, na uchafu huonekana upesi. Tuangalie isiingie machoni, kwa kuwa inaunguza. Na watoto wakae mbali mpaka ikauke.

2. Tufungue dirisha la chumba cha mama na mtoto. Mwanga na hewa ni pambo, tena ni kinga. Usiku tutumie chandarua.

3. Wanaojenga kwa matofali wamwombe fundi aache vidaka ukutani, ndani ya chumba cha kulala. Ni mahali pa taa, pa vitabu, pa kadi ya kliniki ya mtoto, na pa dawa, juu kabisa wasikofika watoto.

4. Zile sahani za maua tuzitoe kabatini mara moja kwa juma, tule na watoto wetu na waume zetu. Ikivunjika moja, imevunjika ikiwa kazini.

5. Binti wa kazi apewe kitanda, chandarua, mshahara wake kwa wakati, na nafasi mezani.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi cha akina mama

Nyumbani kwako uzuri unaishia chumba kipi? Kwa nini unaishia hapo?

Je, nyumba mnayokaa imeandikwa kwa jina la nani? Umewahi kuzungumza jambo hilo na mumeo kwa upole?

Nani katika nyumba yako anafanya kazi ili wengine wapumzike, na yeye hupumzika lini?